Mashaka ya Ghorofa ya Kumi na Nane

Mama yangu ni fundi cherehani. Kwa miaka thelathini ameshona mifuko ya wanaume wa kila aina, na kazi hiyo imempa falsafa moja tu, ambayo amenirithisha mimi angali hai: mdomo wa mwanaume husema lolote, lakini mfuko wake hausemi uongo. "Mimi ndiye ninayewashonea," hupenda kusema, pini zikiwa mdomoni. "Najua wanataka uwe na kina gani, na kwa nini."

Kwa hiyo Jumatano ile, saa sita na nusu mchana, nilipotia mkono kwenye mfuko wa kizibao cha mchumba wangu, sikuwa nafanya jambo geni. Yalikuwa malezi tu.

Na nijitetee kidogo. Rula yangu ilikuwa imepotea, na mchumba wangu ana mkono mwepesi kwenye rula za watu. Yeye ni msanifu wa jengo letu, yaani anachora litakavyokaa na litakavyopendeza. Mimi ni mhandisi wake, yaani nahakikisha halitamwangukia mtu. Sote tulikuwa tunafanyia kazi kwenye kontena moja la bati pale saiti, lenye meza mbili na feni inayozunguka ikijisikia. Kizibao chake kilining'inia kwenye msumari, mwenyewe akiwa ameshuka kwenda kula.

Rula sikuiona. Niliona karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa penseli ya kijani, kwa mwandiko wa mwanamke. Usiniulize nilijuaje. Mtu mwenye wivu hajui, anaona.

"Jumatano saa tisa. Ghorofa ya kumi na nane. Njoo peke yako. Yeye asijue mpaka nikuone."

Huyo "yeye" nilikuwa mimi. Hilo halikuhitaji kikokotoo.

Nilikaa kwenye kiti chake. Jumamosi, siku tatu tu zilizobaki, wazazi wake walikuwa waje kwetu kwa mazungumzo rasmi. Mama alikuwa amekwisha kufua mapazia. Na kesho yake, Alhamisi alfajiri, tulikuwa tunamwaga zege la bimu, yaani boriti kubwa, za ghorofa hiyohiyo ya kumi na nane, kazi ambayo kila mtu saiti pale aliisubiri kwa miezi. Mambo mawili makubwa ya maisha yangu yalikuwa yamewekwa kwenye wiki moja, na sasa penseli ya kijani ilikuwa imepita katikati yake.

Nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti imefanya nini?"

Nikamsomea karatasi. Upande wa pili cherehani ikanyamaza.

"Nilisema," akasema mama taratibu. "Sikusema? Mtu ambaye kazi yake ni kufuta na kuchora upya, siku moja atakufuta na wewe."

"Mama, labda ni kazi."

"Kazi gani inasema yeye asijue? Sasa nisikilize. Umetazama mfuko gani?"

"Wa nje."

"Wa nje ni wa kuonyesha watu. Mwanaume wa maana ana mfuko wa ndani, upande wa moyo. Huko ndiko kuna habari. Baba yako tiketi ile ya basi niliikuta wapi?"

"Mfuko wa ndani, mama."

"Basi."

Nilirudi kwenye msumari. Kabla sijagusa kitu, nikasikia buti zake kwenye ngazi za kontena. Nikarudisha karatasi, nikajitupa kwenye meza yangu, nikashika penseli kichwa chini miguu juu.

Aliingia na vumbi kwenye nyusi, akanitazama kama anavyonitazama kila siku, yaani kwanza macho, kisha mikono, kisha tena macho, kama anayekagua kama bado niko pale nilipochorwa. Mwaka mzima mtazamo ule ulikuwa unaniyeyusha. Siku ile niliupokea kama risiti ya duka nisilolijua.

"Mhandisi wangu, hujala?"

"Sina njaa."

"Wewe? Huna njaa?" Akacheka, kisha akaacha, maana sikucheka. "Kuna nini?"

"Hakuna. Mchana utakuwa wapi?"

Akachukua kichongeo, akaanza kuchonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha ya kumtoa mtu damu. "Kwa watu wa vioo. Saa tisa. Wanataka kunionyesha sampuli."

"Twende wote."

"Utachoka bure. Na kesho una zege."

"Kweli," nikasema. "Nisichoke bure."

Alivaa kizibao chake. Niliona mkono wake ukipapasa, si mfuko wa nje, bali kifuani upande wa kushoto, haraka, kama mtu anayehakikisha ufunguo upo. Mama yangu ni mwanamke wa ajabu. Nilimpenda na kumchukia kwa pamoja.

Msomaji ambaye hajawahi kujenga jengo refu anisamehe dakika moja, maana bila hii hataelewa kwa nini niliumia nilivyoumia. Jengo letu ni la ghorofa thelathini na nne, na ndani yake kuna majengo matatu yaliyobebana mgongoni. Chini ni maduka. Katikati, mpaka ghorofa ya kumi na saba, ni ofisi. Juu ni nyumba za watu kulala. Sasa, nyumba zina vyumba vidogo, kwa hiyo nguzo zake zimekaribiana. Ofisi zinataka nafasi, kwa hiyo nguzo zake ziko mbalimbali. Nguzo za juu haziangukii juu ya nguzo za chini. Katikati lazima kuwe na ghorofa moja inayopokea mzigo wote wa juu na kuugawa upya kwa walio chini. Ndiyo ya kumi na nane. Haina mpangaji. Ina mabomba, matangi ya maji, pampu, na bimu zangu saba, kila moja ndefu kuliko mtu kwenda juu, zimejaa nondo hadi panya asingepenya. Bimu zile ni kazi yangu ya maisha. Kama alitaka kunisaliti, angechagua ghorofa nyingine yoyote kati ya zile kumi na saba za chini.

Zaidi ya hapo, miezi minne nyuma, yeye ndiye aliyeniomba niondoe nguzo mbili katikati ya ukumbi wa mikutano wa ghorofa ya kumi na saba, apate ukumbi mweupe usio na kizuizi. Aliomba siku ya Jumatatu. Jumatano nilimwambia inawezekana, na bimu mbili nikazinenepesha kufidia. Wiki hiyohiyo alinivisha pete.

Saa tisa kasoro robo nilivaa kofia ngumu nikapanda. Lifti ya kazi inapiga kelele na kila mtu hujua nani yumo, kwa hiyo nilishukia ghorofa ya kumi na tano nikamalizia ngazi kwa miguu. Nyapara wetu, mtu mzima mwenye mdomo mwepesi, alinikuta ghorofa ya kumi na sita akishuka.

"Mama Mhandisi, huko juu usiende sasa hivi."

"Kwa nini?"

Akajikuna chini ya kofia. "Bwana Msanifu kaniambia niwape vijana mapumziko mpaka saa kumi. Kasema anataka utulivu."

"Yuko na nani?"

"Mimi nina wake wawili," akasema nyapara, "kwa hiyo nimejifunza kutoona." Akateremka haraka kuliko umri wake.

Ghorofa ya kumi na nane ilikuwa kimya. Bimu zilisimama pale kama makabati makubwa yasiyo na milango, vyuma vitupu, mbao zikizishika upande mmoja tu, tayari kufungwa upande wa pili jioni ile. Upepo ulikuwa unapita katikati ya nondo. Nilijibanza nyuma ya bimu ya pili. Nisingesema najivunia.

Sauti ya mwanamke ilitoka upande wa bimu ya nne. Haikuwa ya kisichana. Ilikuwa nzito, ya mtu asiyekatizwa akizungumza.

"Unampenda kiasi gani?"

"Kiasi cha kuogopa," akajibu mchumba wangu.

"Basi ungemwambia mwenyewe."

"Akijua, ndiyo mwisho. Humjui. Hasamehi."

"Na Jumamosi wazazi wako wanakwenda kwao."

"Ndiyo maana nimekuomba iwe leo. Nikiingia kwenye ndoa na jambo hili moyoni, nitakuwa mwongo kila siku."

Nilisikia ya kutosha. Kuna wanawake ambao wangeteremka ngazi kimya wakilia. Mimi sikuwahi kulia nikiwa nimevaa kofia ngumu, na sikutaka kuanza. Nikatoka.

"Watu wa vioo wamehamia huku?"

Aligeuka. Rangi ilimtoka usoni mpaka kwenye masikio. Lakini mimi sikumtazama yeye. Nilimtazama mwanamke, na hasira yangu ikakosa pa kukaa, kwa sababu alikuwa na miaka sitini na kitu, amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, buti zilizokwisha visigino, na mkononi ameshika rundo la karatasi na penseli ya kijani.

Nilimjua kwa sifa. Kila mhandisi anamjua. Wanamwita Bibi Hapana, kwa sababu ndiye anayepelekewa mahesabu ya wenzake ayahakiki, na jibu lake la kwanza kwa kila mtu ni hilo. Na wahakiki huweka alama kwa penseli ya kijani. Mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni anajua. Ningekumbuka tangu kwenye kontena, kama akili yangu yote isingekuwa kwenye wivu.

"Shikamoo," nikasema, kwa mazoea tu.

"Marahaba, binti." Akanipima juu mpaka chini. "Kumbe ndiye wewe."

Macho yangu yakashuka kwenye karatasi zake. Ulikuwa mwandiko wangu. Mahesabu yangu ya bimu, kurasa zote tisini na sita, na karibu kila namba pembeni yake ina alama ndogo ya kijani.

Sasa nikuambie jambo ambalo watu wa kazi nyingine hawataelewa. Kama huyu angekuwa hawara wake, ningeumia kama wanavyoumia wengine, nikarudi kwa mama, tukamsema mpaka tukachoka. Hili lilikuwa baya zaidi.

"Umetoa mahesabu yangu nje," nikamwambia.

"Nisikilize kwanza."

"Umeyatoa bila kuniambia?"

"Ndiyo."

"Kuhakikiwa si tusi. Jengo hili lilihakikiwa lote kabla ya msingi na sikukunja uso. Ungeniambia ningekupakia mwenyewe kwenye bahasha. Lakini wewe umekwenda nyuma yangu kama mtu anayemchunguza mtumishi wa nyumbani."

"Lilihakikiwa kabla ya zile nguzo mbili," akasema kwa sauti ya chini. "Baada ya hapo hakuna aliyetazama ila wewe."

"Kwa hiyo mimi sitoshi."

"Ulisema ndiyo ndani ya siku mbili." Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Nimefanya kazi na wahandisi kumi na mmoja. Ukimwomba mhandisi akuondolee nguzo, anakataa. Ukimwomba tena, anakataa na kukutukana. Mara ya tatu mnafikia makubaliano. Wewe niliomba Jumatatu, Jumatano ukaja unatabasamu. Na mimi mjinga nikafurahi, nikakuvisha pete. Usiku ule ndipo nikaanza kujiuliza. Amekubali kwa sababu inawezekana, au kwa sababu ni mimi niliyeomba?"

"Miezi minne umejiuliza hivyo?"

"Miezi minne. Kila nikikuangalia. Nilikuwa na rafiki, mhandisi, tulisoma wote. Hakujua kunikatalia. Ngazi nyembamba nilizomwomba zikalegea siku tatu kabla ya ufunguzi. Mungu alisaidia hakuna aliyekuwa juu yake. Rafiki akafukuzwa kazi, mimi nikabaki. Sikutaka upendo wangu ukufanyie hivyo na wewe."

Nilitaka kumwonea huruma, nikaikataa. "Kwa hiyo umefikiri mimi nahesabu kwa moyo."

"Nimeogopa hivyo."

"Na kama Bibi angekuta kosa?"

"Ningesimamisha zege kesho. Na ningekwambia."

"Na Jumamosi?"

Upepo ukapeperusha ukurasa mmoja, Bibi Hapana akaukanyaga na buti.

"Mmemaliza?" akauliza. "Mimi nina magoti mabovu na nimepanda huku kwa kazi, si kwa sinema. Binti, nguzo mbili zile, ulizihesabu lini?"

Nikajifanya nakaza mkanda wa kofia.

"Nakuuliza kwa sababu hesabu zako zina tarehe. Ukurasa wa thelathini na moja umeandika tarehe ya miezi miwili kabla bwana huyu hajaomba chochote. Nilidhani umekosea mwezi. Sikupenda kumwambia mpaka nizione bimu zenyewe."

Mchumba wangu akainua uso.

"Sikukosea," nikasema.

"Eleza."

Ilibidi niseme, na nilisema nikitazama buti zangu. "Nilijua ataziomba. Alipochora ukumbi ule mara ya kwanza, zile nguzo mbili alizichora kwa mistari hafifu kuliko nyingine. Nikasema moyoni, huyu hazitaki, anasubiri tuzoeane aniombe. Sikumwamini. Nikakaa mwezi mzima jioni baada ya jioni nikahesabu jengo bila nguzo hizo, ili akija nijue la kumjibu. Nilitaka kumjibu hapana. Hesabu ikasema ndiyo."

Bibi Hapana akashusha miwani ya kichwani, akawa amevaa zote mbili, akanitazama kwa makini mapya.

"Ulinishuku," akasema mchumba wangu polepole, "tangu kabla hatujawa kitu."

"Nimelelewa na fundi cherehani."

"Na mimi nikakushuku wewe kwa sababu ulijibu haraka. Ulijibu haraka kwa sababu ulinishuku mapema."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Basi hesabu zako ni sahihi," akasema Bibi Hapana, "na nimeshasema, sitarudia, sina mazoea. Kilichonileta juu huku ni kingine." Akatembea mpaka bimu ya nne, ile ya ukingoni, inayotazama nje, akagonga nondo kwa kidole. "Njoo hapa. Hizi nini?"

Moyo wangu ulishuka ghorofa kadhaa.

Katikati ya bimu ya nne, kwenye msitu ule wa vyuma vilivyonyooka, kulikuwa na nondo nene nne zimelala mshazari, mbili juu na mbili chini, na nyingine zimezunguka nafasi tupu ya mraba. Mtu asiyejua angepita. Anayejua angesimama, kama alivyosimama yeye.

"Nondo huzungushwa hivi penye tundu," akasema Bibi Hapana. "Nimetazama michoro ya nondo, zipo, umezichora mwenyewe. Nimetazama michoro ya msanifu, bimu hii ni nzima, haina tundu. Kwa hiyo umeweka chuma cha kulinda tundu lisilokuwepo. Nimehakiki miaka thelathini na saba, sijaliona hili. Tundu ni la nani?"

Msanifu hasomi michoro ya nondo. Nilikuwa nimetegemea hilo. Niliona anaisogelea bimu, anaweka kiganja kwenye chuma cha mshazari, anakifuata mpaka kinapokutana na mwenzake.

"La nani, binti?"

"Lake," nikasema.

"Nani kakwambia nataka tundu hapa?" akauliza mchumba wangu, kiganja bado kwenye chuma.

"Hakuna. Lakini tangu mwezi wa pili unapanda huku kila jioni. Unasimama hapohapo, mikono nyuma, kichwa upande, unachungulia. Unachungulia bimu ambayo itakuwa ukuta wa zege. Nikasema, huyu ana jambo. Ataniletea dakika ya mwisho, zege likiwa njiani, ili nisipate nafasi ya kukataa. Nikaweka chuma kabla. Tundu likija, sawa. Lisipokuja, zege litafunika na hakuna atakayejua nilivyomfikiria vibaya."

Alinitazama. Macho, kisha mikono, kisha macho. Halafu mkono wake ukaenda kifuani, upande wa kushoto, mfuko wa ndani.

Nikajua. Kabla hajautoa nikajua, na bado nilishtuka.

Ilikuwa karatasi ndogo ya kuchorea, imelegea kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Bimu ya nne, imechorwa kwa penseli. Katikati yake dirisha. Na mbele ya dirisha, mtu mdogo amekaa kwenye kiti, ana kikombe.

"Nani huyu?"

"Fundi wa pampu." Alizungumza kama anayeomba radhi. "Juu watakaa watu wenye mandhari, chini watu wenye mandhari. Humu ndani atakaa fundi mmoja na mashine, miaka yote litakayosimama jengo, na hajafikiriwa na mtu. Nilitaka aone nje. Nimetembea na hii wiki sita. Nilikuwa nakuja kukuomba, kisha nakumbuka nitakapokuomba utasema ndiyo, na sitajua ndiyo ile ni ya nini. Nikashindwa."

"Wiki sita."

"Nakuomba sasa. Mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Inawezekana?"

Nilijua ukubwa wa nafasi niliyoacha mpaka kwenye sentimita. Nilijua pia kwamba macho yale yakiniomba jua liwake usiku, kuna sehemu yangu itakayotafuta nyaya. Nikavuta pumzi.

"Hapana," nikasema.

Sijawahi kuona mtu akifurahi namna ile kwa kukataliwa. Mabega yake yalishuka, kisha akacheka mpaka machozi yakamlenga. "Hapana?"

"Hapana. Mita na nusu itakula chuma cha chini. Hata ungepiga magoti."

"Rudia."

"Hapana. Sentimita tisini kwa tisini, na kingo zake nene. Zaidi ya hapo utafute mhandisi mwingine."

"Tisini anaona nje?"

"Akikaa, anaona. Nimepima na kiti."

Nadhani hilo la kiti ndilo lililomwingia zaidi. "Ulipima na kiti," akasema.

"Cha Nyapara. Alikuwa hayupo."

Bibi Hapana alichukua ule mchoro mdogo bila kuomba ruhusa, akaandika tisini kwa tisini, akageukia ukurasa wangu wa nondo za bimu ya nne. Ulikuwa ukurasa pekee usio na alama. Alipiga hesabu pembeni muda mrefu, midomo ikichezacheza, sisi tumesimama kama watuhumiwa wawili wa kesi moja. Mwishowe akaweka alama ndogo ya kijani.

"Nitaandika barua yake jioni hii," akasema. "Na mchoro ubadilishwe rasmi, muusaini nyote wawili, kabla ya zege. Waambieni maseremala watengeneze sanduku la kulinda tundu, zege lisilijaze." Akaanza kuelekea lifti, akasimama. "Binti, mimi niliolewa na mtu aliyeniamini kwa kila kitu. Mahesabu yangu hakuwahi kuyasoma hata ukurasa. Kulikuwa na upweke ndani yake." Akaenda zake.

Tulibaki na upepo na vyuma.

"Sijakusamehe ya kwenda nyuma yangu," nikamwambia.

"Najua."

"Na uongo wa vioo."

"Najua. Na wewe umenipekua mfuko. Karatasi niliikunja kwa ndani, nimeikuta imekunjwa kwa nje."

Akasogea, akaniondolea vumbi la kutu begani kwa kidole kimoja, hakunigusa zaidi ya hapo. Mwili wangu wote ukaenda kwenye bega lile.

"Kuanzia leo," nikasema, "ukinishuku, njoo unishuku mbele yangu."

"Na wewe ukitaka mfuko, niambie niuvue."

Saa kumi na moja maseremala walikuwa wanapigilia sanduku lao la mbao katikati ya bimu ya nne, Nyapara akisimamia na kulalamika kwamba kiti chake kina alama za chaki miguuni. Nilitia saini kibali cha zege. Nikampa kalamu mchumba wangu. Alisoma karatasi yote kwanza, mstari kwa mstari, mpaka maandishi madogo ya chini, ndipo akatia yake. Sikukasirika hata kidogo.

Kisha nikampigia mama.

"Shikamoo, mama. Waje Jumamosi."

Cherehani ikanyamaza. "Mfuko wa ndani umeuona?"

"Nimeuona."

"Kulikuwa na nini?"

"Dirisha, mama."

Akawa ananitafuta ndani ya sauti yangu kama anavyotafuta uzi uliokatika kwenye pindo.

"Dirisha haliingii mfukoni," akasema.

"Hili liliingia."

"La nani?"

"La fundi wa pampu. Hatujui hata jina lake, jengo halijaisha."

Halafu nikasikia gurudumu la cherehani likianza kuzunguka, polepole, kisha kwa mwendo wake wa kawaida.

"Waambie wasije wengi," akasema. "Viti vyangu ni sita tu. Na yeye kizibao chake avue mlangoni, nataka kukitazama ushonaji."